Benzi kwa Bei ya IST

Mwezi wa tatu mwaka jana nilisimama kwenye yadi moja ya magari hapa Dar es Salaam, mbele ya Mercedes-Benz E350 ya mwaka 2005. Rangi ya fedha, viti vya ngozi nyeusi, mbao ndani zinang'aa, kilometa 98,000 kwenye dashibodi. Bei, milioni 17. Wiki hiyohiyo kaka yangu alikuwa amenunua Toyota IST, gari dogo, namba D kwa milioni 13 na nusu. Muuzaji alinifungulia mlango wa nyuma, nikakaa, akaufunga taratibu, na kelele zote za barabara zikabaki nje.

Nililitaka gari lile. Nalisema wazi kwa sababu naandika kwa ajili ya mtu aliye mahali nilipokuwa siku ile. Ana akiba ya miaka kadhaa, ametumia magari madogo muda mrefu, sasa anataka gari lenye heshima na utulivu, na anajiuliza inakuwaje kitu kizuri namna hii kiuzwe karibu na bei ya IST. Kulipata jibu kulinichukua miezi mitano.

Kwanza niseme kwa nini nilitaka sedani, maana kila niliyemshirikisha alinijibu neno moja: Harrier. Wengine Vanguard, na wenye matumaini makubwa zaidi juu ya mfuko wangu wakasema Prado. Ushauri si mbaya. Mitaa yetu ina mashimo, matuta yamejengwa kila mtu kwa urefu autakao, na mvua ikinyesha gari la juu linakupa usingizi. Lakini mama yangu alivunjika nyonga miaka minne iliyopita. Anaishi Morogoro na kliniki yake iko Dar. Kumpandisha kwenye gari la juu ni kumwinua kama mzigo, mbele ya watu, na yeye ni mwanamke aliyefundisha shule ya msingi miaka thelathini na tatu na hajazoea kubebwa. Kwenye gari dogo anaingia vizuri, ila kiti cha nyuma ni kigumu na kelele ya tairi inamwandama kilometa zote karibu 200. Akifika Kimara huwa hazungumzi tena. Kwa hiyo nilipokuwa nikisema "gari la kifahari" kichwani nilikuwa na kitu kimoja tu, kiti cha nyuma ambacho mama ataingia mwenyewe, akae saa nne, na ashuke akiwa bado anazungumza.

Jina la Benzi lilikuwa na uzito wake nyumbani. Baba alikuwa dereva wa shirika moja la umma, na kwa miaka mingi aliendesha Mercedes-Benz 200 ya umbo la W123, lile lililoanza kuundwa 1976 na kuendelea hadi katikati ya miaka ya 1980, magari karibu milioni 2.7 kwa jumla. Halikuwa letu na hatukuruhusiwa kulipanda. Neno Wabenzi lilikuwa limeshaingia kwenye Kiswahili chetu tangu miaka ya baada ya Uhuru, watu wakiwaita hivyo wakubwa waliojitenga na wenzao, na mimi mtoto wa dereva nilikuwa nikilisikia bila kujua nijiweke upande gani. Nilichokijua ni mikono ya baba. Siku za safari za alfajiri gari lililala kwetu. Aliamka saa kumi, akafungua boneti, akawasha, akaweka kiganja juu ya injini kama mtu anayempima mtoto homa. Hakuondoka mpaka aridhike.

Basi kabla ya E350 nilikuwa nimeshapita kwenye duka la magari mapya. Nilitaka kujua ninachokikosa. E-Class ya sasa, familia ileile ya E350, umbo la W214, ilitoka 2023, na kule Marekani ilianza kuuzwa kwa zaidi ya dola 60,000 kabla hujaweka kodi za kwetu. Ni gari ambalo ukikaa ndani unasahau ulichokuja kuuliza. Unapata waranti, unapata historia safi kwa sababu historia yenyewe unaianzisha wewe, na hakuna atakayekudanganya kilometa. Mwenye uwezo huo na anunue, ni jambo zuri. Ila mimi ni mkaguzi wa hesabu, na macho yangu yalienda kwenye gharama ambayo haina risiti: gari jipya la daraja hili mara nyingi hupoteza nusu ya thamani yake, au zaidi, ndani ya miaka mitano. Mwenye gari halioni tundu hilo kwa sababu hakuna siku anapodaiwa. Analiona siku ya kuuza.

Na hasara hiyo ya mtu wa kwanza ndiyo inayotulisha sisi. Japani gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Wenyewe wanauita ukaguzi huo shaken. Una ada, una kodi zake, na kila unapokaribia, mwenye gari anakaa chini kujiuliza alipie tena au aachane nalo. Ndiyo maana minada yao imejaa magari mazima kabisa yaliyotunzwa na watu wasiopenda usumbufu. Gari linaachwa likiwa na nguvu zake zote, na linaendeshwa upande wetu wa barabara.

Nirudi yadini. Usiku ule nilimpigia fundi wangu wa Ilala, mzee aliyezishika Benzi tangu ujana wake.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Umeona gari?"

"Nimeona E350, ya 2005."

Akanyamaza kidogo. "Nitumie namba ya injini kabla hujatoa hata kishika uchumba."

Nilidhani anataka kuhakiki kadi. Kumbe anajua jambo ambalo kila anayeitazama Benzi ya miaka ile anapaswa kulijua. Injini ya V6 iliyokuwa ndani, M272, ina shafti ya kusawazisha mtikisiko, na kwenye injini za mwanzo, zilizoundwa hadi kama 2006, gia ya shafti hiyo ilitengenezwa kwa chuma kisichokomaa vya kutosha. Meno yake husagika taratibu. Meno yakisagika cheni hupoteza mahali pake, vali zinafunguka nje ya majira, taa ya injini inawaka. Gia yenyewe ni kitu kidogo, lakini ili kuifikia lazima injini ishushwe. Si kila M272 ina tatizo hilo, na namba ya injini ndiyo inayokwambia iko kundi gani. Niliyoitazama ilikuwa kwenye kundi lile.

La pili lilikuwa breki. E-Class za umbo la W211, zilizotoka 2002 hadi zilipofanyiwa mabadiliko 2006, zina mfumo unaoitwa SBC. Ukikanyaga pedeli, kompyuta inasoma mguu wako, halafu pampu ya umeme ndiyo inayosukuma oili ya breki kwenye magurudumu. Kwa wakati wake lilikuwa jambo la mbele sana. Mwaka 2004 kampuni iliita magari 680,000 duniani kwa ajili ya mfumo huo, na kwenye mabadiliko ya 2006 ikauondoa. Kinachomhusu mnunuzi wa leo ni kwamba pampu ile ina kihesabio. Inapofika kama mara 300,000 za kukanyaga, gari linawasha onyo na kutaka ibadilishwe, hata kama bado unaisikia nzima. Nilipiga hesabu. Mtu anayekanyaga breki mara 200 kwa siku anafikisha 73,000 kwa mwaka. Miaka minne na kidogo, pampu imekwisha. Na 200 kwa siku kwa foleni za Dar ni hesabu ya huruma.

Fundi alikuja yadini Jumamosi na mashine yake. Kihesabio kilikuwa kimepita 240,000. Akainama mlangoni akaitazama mipira ya pedeli, akaniita bila kusema neno, akanionyesha kwa kidole. Mpira wa breki ulikuwa umelika kona moja mpaka chuma kinaonekana. Baba aliwahi kunifundisha hivyohivyo: kwenye magari yale ya sindano dashibodi ilirudishwa nyuma kwa bisibisi, mpira wa pedeli haukurudishwa na mtu. Gari lililotembea kilometa 98,000 haliwi na mguu kama ule. Nilimuuliza muuzaji, akamjibu fundi. Kila swali nililouliza mimi alilijibu kwa fundi, kana kwamba fedha zilikuwa mfukoni mwa fundi. Wanawake wanaokwenda kununua magari wanajua nazungumzia nini, na nawaambia: muuzaji asiyekutazama usoni unapouliza ana sababu ya kuepuka uso wako, ondoka.

Tukakaa kivulini kwa mama lishe tukaandika. Pampu ya SBC iliyotumika, milioni 2 na nusu, na mpya zaidi ya mara mbili ya hapo. Kushusha injini na kubadili shafti, milioni 5 hadi 6 pamoja na spea. Bado hatujagusa tairi, shokapu wala oili ya giaboksi, ambayo kwa gia zile saba za otomatiki haiwekwi ya kubahatisha. Benzi ya milioni 17 ilikuwa imefika 25 tukiwa bado tunakula.

Na hapo ndipo nilipoelewa. E350 ile ilipotoka kiwandani ilikuwa gari la takriban dola 50,000 kule Marekani. Miaka ishirini imeishusha hadi kama dola 6,500 mkononi mwangu. Lakini pampu yake ya breki haijui kwamba gari limeshuka bei. Spea ya gari la dola 50,000 inabaki kuwa spea ya gari la dola 50,000 hata gari lenyewe likiuzwa kwa bei ya pikipiki. Anayelinunua kwa bei ya IST analitunza kwa bei ya E-Class, na kama mshahara wake ni wa kutunza IST, ndiyo maana gari linakaa uani likifunikwa turubai huku kadi ikitafuta dalali. Bei ndogo ile haikuwa bahati yangu. Aliyeuza alikuwa amepiga hesabu hii kabla yangu.

Sisemi Benzi ya zamani haifai. W212, iliyofuata kuanzia 2009, ni gari nililoliheshimu sana kila nilipolikalia, na E250 yake ya petroli ya miaka ya mwanzo ina injini ya cc 1,796, jambo lenye faida kwenye kodi kama nitakavyoeleza. Ningekuwa na milioni kumi zaidi, na nyingine tano za kuziweka pembeni bila kuziangalia, huenda leo ningekuwa naandika makala nyingine. Hizo tano za pembeni ndizo watu wengi wanazisahau. Fundi ana kanuni yake: chukua fedha yote uliyonayo, toa theluthi, inayobaki ndiyo bei ya gari.

BMW 5 Series niliiendesha mara mbili, F10, ile ya kuanzia 2010. Kwa mwendo hakuna iliyonipendeza zaidi. Inapinda kona ya Mikumi kama imeshikwa kwa kamba. Lakini mwenye BMW ya miaka hiyo anatakiwa aishi karibu na fundi wake. Pampu yake ya maji kwenye injini nyingi ni ya umeme, ikichoka haitoi ishara ya mapema kama zile za mkanda, na kwenye joto letu, foleni haisogei, mfumo wa kupoza injini ndio roho ya gari. Nyingi pia zilikuja na tairi za ranifulati, ambazo zinatembea hata zikipoteza upepo, na kwa hiyo hazina tairi la akiba. Ulaya inafaa. Ukipasuka Gairo saa mbili usiku na mama yako kiti cha nyuma, huo si mpango. Lexus GS nayo niliitafuta, ni gari imara sana na lilitengenezwa hadi 2020, ila nafasi ya nyuma ni ndogo kuliko umbo lake linavyoahidi, na bei yake hapa haijashuka kwa sababu wenye nazo wanajua walichonacho.

Ikabaki Toyota Crown.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu naona Crown haitendewi haki na wengi wetu. Tumeizoea kwenye misafara ya harusi tukadhani ni gari la mbwembwe. Toyota walianza kuiuza Januari 1955, na kwa Wajapani ni gari la mkurugenzi wa kampuni, la polisi, la teksi ya heshima. Mwaka 1983 tangazo lake lilikuwa na maneno matatu, itsuka wa Crown, yaani siku moja, Crown. Mtu anaanza na Corolla, anafanya kazi, siku moja. Waliiunda kwa ajili ya watu wao wenyewe, barabara zao na gereji zao finyu, ndiyo maana kwa miaka mingi upana wake haukuzidi milimita 1,800 ingawa ndani ni kubwa. Uchochoro wa kwetu Sinza unaipokea bila kukunja vioo.

Kutouzwa sana nje kumeifanya iwe ya bei nafuu kwetu. E-Class iliyotumika inagombewa na Ulaya, Uarabuni na kila mahali. Crown inayotoka Japani ina usukani kulia, Mmarekani haitaki, Mjerumani haijui. Mnadani tunabaki sisi na nchi chache zinazoendesha kushoto mwa barabara. Ubora uleule, wagombea wachache.

Vijana wote wanataka Crown Athlete. Nami nilianza hapo, taa zake za nyuma za duara ni nzuri kweli. Lakini Athlete imekazwa springi, na ile ya umbo la S200, la 2008 hadi 2012, huja na tairi za 225/45 za rimu 18. Ule ubavu mwembamba wa tairi kwenye mashimo ya Mabibo unaupeleka mshtuko wote mgongoni. Ndugu yake, Royal Saloon, ana sura ya mzee wa kanisa, tairi nene, springi laini, na kwa sababu vijana hawamtaki, bei yake iko chini. Ni gari lile lile chini ya bati. Ukiuza utasubiri mnunuzi muda mrefu zaidi, hilo lazima ulijue. Mimi sikununua ili niuze.

Ina ugonjwa wake, kama kila gari. Injini ya 2,500 ndani ya GRS200, inayoitwa 4GR-FSE, hupuliza petroli moja kwa moja kwenye chumba cha mwako. Kwenye injini za kawaida petroli hupita juu ya vali na kuziosha. Hapa haipiti, kwa hiyo masizi yanajijenga, na gari likizeeka linaanza kutikisika likiwa limesimama kwenye taa. Nyingine hula oili. Dawa yake ni kusafisha vali, kubadili oili kabla ya wakati, na kuchomoa stiki ya oili kila Jumamosi. Ile ya 3,500 ina mipulizo ya aina mbili na haisumbuki hivyo, ila inakunywa mafuta kwa kiu nyingine. Tofauti na yale ya Kijerumani niliyoyatazama, ugonjwa huu kila fundi wa mjini anaujua, na ukienda Gerezani, kwenye maduka ya spea, ukasema "chesisi GRS200" muuzaji haulizi swali la pili. Kabla ya kununua gari lolote la daraja hili, fanya hivyo: nenda dukani kwanza na namba ya chesisi, uliza bei ya shokapu za mbele, diski za breki, rejeta na taa ya mbele. Kama watatu kati ya watano watasema "mpaka tuagize", umeshapata jibu lako.

Sasa kodi, na hapa wengi wanaumia kwa kutoisoma mapema. Kwa viwango nilivyokutana navyo mimi Mamlaka ya Mapato, TRA, chukua gari lenye thamani ya shilingi 100 lilipofika bandarini. Ushuru wa forodha ni 25%. Juu ya jumla hiyo, ushuru wa bidhaa ni 5% kwa injini ya cc 1,001 hadi 2,000, na 10% ikizidi hapo. Gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa 15% ya uchakavu, likizidi miaka 10 ni 30%. Kisha VAT ya 18% juu ya vyote. Ukipiga, Crown ya 2,500 iliyozidi miaka 10 inalipa 106 na nusu kwa kila 100, yaani kodi inazidi gari. Ikiwa chini ya miaka 8, inalipa kama 62. Gari lisilozidi cc 2,000, chini ya miaka 8, kama 55. Hizo ni bila tozo ndogondogo. Na thamani inayotumika ni ile ya TRA, kwenye mfumo wao wa mtandaoni, hata kama wewe umelinunua kwa bei ya chini. Kwa hiyo gari jipya zaidi lenye bei kubwa Japani linaweza kukufikia kwa fedha isiyo mbali sana na lile la zamani. Piga hesabu mbili kabla ya kuamua. Ndugu zetu wa Kenya wao hawana uchaguzi huo, kwao gari la zaidi ya miaka 8 haliingii kabisa, na ndiyo maana sedani zao nyingi ni changa kuliko zetu.

Hata baada ya hesabu zote mimi nilichagua la zamani, Royal Saloon ya 2010. Nililolipata la 2015 lilikuwa zuri, lakini lingemeza na ile theluthi ya fundi.

Nililiagiza mnadani kupitia wakala, na jambo nililolishikilia ni karatasi ya mnada yenyewe, ya Kijapani, sio tafsiri ya mtu. Alama ya gari zima ni 4, ya ndani B. Kuna mchoro wa gari wenye herufi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipokarabatiwa, S ni kutu, XX ni kipande kilichokwisha kubadilishwa. Alama ya R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa. Niliyakataa mawili kwa sababu ya S. Yalikuwa yametoka Hokkaido, kaskazini, ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha theluji na chuma cha chini kinaoza ukiwa unasifia rangi ya juu. Kilometa zilikuwa 71,000, nami nikalinganisha na zile zilizoandikwa kwenye nyaraka za ukaguzi wa shaken, maana ukaguzi huandika kilometa. Zilifuatana.

Ukinunua lililopo nchini karatasi hizo huenda hazipo tena, basi tumia mikono. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, utazame sehemu ambayo haijawahi kuona jua. Gari lililozama, liwe la Jangwani au la mafuriko ya Japani, linaacha mstari wa tope pale, na wasafishaji hawafiki. Inua zulia chini ya kiti, gusa boliti. Washa likiwa limelala usiku kucha, usikubali kukuta injini ya moto.

Kabla sijatuma fedha nilimpeleka mama kwa jamaa mmoja wa Kihonda mwenye Royal kama ile. Aliitazama muda. Akashika nguzo ya mlango, akageuka, akakaa kwanza, kisha akaingiza mguu mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemgusa. Akaegemea, akaweka mkono kwenye egemeo la katikati, akaniuliza kama ni hilo. Nikamwambia sio hili mama, ni kama hili. Akashuka mwenyewe. "Hapa mguu unateremka wenyewe," akasema, na akaanza kuzungumza na mwenye gari habari za mwanawe aliyemfundisha darasa la nne.

Meli ilichukua wiki sita. Lote kwa lote, bandari, kodi, namba, bima kubwa, lilisimama kwenye milioni 27 na laki tatu. Tofauti na ile Benzi baada ya matengenezo ni kama milioni mbili, na nalijua gari langu tangu siku lilipokaguliwa Japani. Mjini linakwenda kilometa 7 kwa lita, nikitoka Kibaha hadi Morogoro 11 na zaidi. Liko chini kwa matuta makubwa, kuna mtaa mmoja wa Tabata siupiti tena. Kwenye lami nzuri, kilometa 80 kwa saa, mama na mimi tunazungumza kwa sauti ya sebuleni.

Baba aliacha daftari lake la safari, kila lita na kila kilometa kwa kalamu ya wino. Nimeanzisha la kwangu. Mwezi wa nne: oili na filta. Wa sita: kusafisha vali, plagi sita. Wa tisa: breki pedi za mbele. Wiki iliyopita nilisikia mgongano mdogo upande wa kushoto nikipita tuta la shule, fundi amesema ni bushi za mkono wa chini, zibadilishwe pande zote mbili. Nimeshanunua, Gerezani, na Jumamosi saa mbili asubuhi nalipeleka.